Sauti Mbili za Mama Mkurugenzi

Jumatatu, 4 Machi

Vita vimetangazwa! Adui ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi kompyuta wa kiwanda chetu cha magodoro. Kazi hiyo nilimwombea mimi mwenyewe! Leo kaja na kisanduku cheusi, kidogo tu, akakitua juu ya swichibodi yangu, ubao wa kuunganishia simu, kama mtu anayetua kikombe cha chai. Eti kuanzia wiki ijayo ndicho kitakachopokea simu zote. Mpigaji atasikia mashine: kwa mauzo bonyeza moja, kwa ghala bonyeza mbili.

Nikamuuliza, anayetaka kuongea na mtu abonyeze ngapi?

Akacheka. "Shemeji, dunia imekwenda."

Imekwenda wapi bila kuniaga? Mimi ni opereta tangu enzi za simu za kuzungusha. Nilikuwa nikisikia kile kisahani kinavyorudi, krrrrr, najua huyu kazungusha tisa. Nani anajua hayo leo? Hakuna. Wala hakuna anayeuliza.

Mama Mkurugenzi kasema kisanduku kikianza kazi, mimi nahamia chumba cha kukatia sponji. Mimi na vumbi la sponji! Nikipita tu mlangoni napiga chafya.

Shemeji atanitambua.

Jumanne, 5 Machi

Wazo! Wanataka mashine? Nitakuwa mashine.

Leo kisanduku kilikuwa kinajaribiwa. Shemeji alipokwenda kunywa chai, nikachomoa waya wake, nikabana pua, nikaanza kupokea simu mwenyewe. "Ka-ri-bu. Kwa ma-u-zo, bo-nye-za mo-ja." Mpango: Mama Mkurugenzi ausifu mtambo mbele ya watu, kisha nijitokeze. Kumbe ni mimi! Makofi!

Wateja wa kwanza walibonyeza bila shaka yoyote. Kipaji! Mzee mmoja aliishukuru mashine kwa adabu, nikajisahau nikamwambia asante baba, wasalimie nyumbani.

Kisha akapiga Mama Mkurugenzi. Nikaanza vizuri. Nilipofika "bo-nye-za mbi", chafya. Halafu nyingine. Mama akauliza taratibu, "Mashine ina mafua?"

Nikajibu, kwa sauti ileile ya mashine, "Ki-do-go."

Nimepewa onyo. Shemeji kacheka mpaka kashika ukuta. Kabla sijafika nyumbani alishampigia dada yake. Nimepakuliwa chakula na mke anayetetemeka kwa kicheko.

Jumatano, 6 Machi

Mbinu mpya: ukaguzi wa usalama. Nitathibitisha kwamba laini zetu zinahitaji jicho la mtu. Au sikio. Nimevaa hedifoni, nimechomeka plagi huku na kule, nimesikiliza. Mambo! Mhasibu anamwimbia mkewe. Katibu muhtasi anatafuta kazi kwingine.

Mchana nikakutana na katibu kwenye ngazi, nikamtakia heri kwenye usaili wake. Kwa nia njema kabisa! Akabadilika rangi, akaenda moja kwa moja kwa Mama Mkurugenzi.

Nimeitwa. Nimeeleza kuhusu usalama. Mama kasema usalama wa kwanza ni kunitoa mimi pale. Akinikuta tena nasikiliza maongezi ya watu, hatangoja kisanduku: kesho yake nakata sponji.

Ijumaa, 8 Machi

Lazima niandike. Nimeshinda!

Asubuhi Mama Mkurugenzi alipiga kutoka nje, akataka ghala. Sauti yake, ile ya kutopenda salamu. Nikamuunganisha. Nikawaza: anataka ghala mapema hivi? Bila shaka anapanga siku yangu ya kuhamia sponji. Nikavaa hedifoni. Dakika moja tu!

Hakunitaja. Alimwambia mtunza ghala ayapakie magodoro yaliyoagizwa na hospitali kwa wodi ya watoto, yote, kwenye lori la bluu lililoko uani. Mtunza ghala akasema dereva hana karatasi. Akajibiwa, "Karatasi ni mimi."

Mlango ukafunguliwa. Mama Mkurugenzi!

"Tena?" akafoka. "Nilikwambia nini?"

Mdomo wake unanigombeza mimi, sikioni mwangu sauti yake inamhimiza mtunza ghala. Nikadhani nimerukwa na akili.

"Mama," nikasema, "uko kwenye simu."

"Niko hapa!"

"Na hapa pia upo."

Nikamvisha hedifoni. Akaisikia sauti yake mwenyewe. "Wewe ni nani?" akanguruma kwenye maikrofoni.

Sauti yake ikamjibu kwa heshima zake zote: "Mimi ni Mkurugenzi. Wewe ni nani?"

Mtunza ghala akaingilia kwa woga, "Mama, mbona unajigombeza?"

Hapo ndipo opereta alipoamka. Nikachomeka plagi ya getini bila hata kutazama, nikampigia kelele mlinzi: funga geti, lori la bluu lisitoke! Tukasikia chuma kikigonga chuma. Dereva alishuka injini ikiwa inaunguruma, akaparamia ukuta, akaacha kiatu. Magodoro yote salama. Watoto hawatalala chini.

Shemeji alikuja kueleza. Siku hizi, kasema, mashine ikisikia sauti ya mtu kidogo tu inaweza kuiiga, mama mzazi asitofautishe. Kwa hiyo mashine ya wezi ilijifanya mtu. Mimi nilijifanya mashine, nikapewa onyo!

Mama Mkurugenzi kanishika mkono mbele ya kiwanda kizima. Katibu pia kapiga makofi, ingawa machache.

Jumatatu, 11 Machi

Heshima! Kisanduku kimerudi kabatini. Mlangoni kwangu kuna kibao: MKUU WA USALAMA WA MAWASILIANO. Kimepigiliwa na shemeji mwenyewe, nikimwelekeza juu kidogo, chini kidogo.

Nimetunga sheria. Hakuna mtu atakayeongea na ghala kwa simu bila kutaja neno la siri, hata Mama Mkurugenzi. Neno hilo nalijua mimi, yeye na mtunza ghala. Silitaji hata humu.

Mchana kapiga bwana mmoja, mstaarabu kweli. Kasema habari zangu zimefika mbali, na kwamba sauti yangu ingefaa redioni. Kisha akaomba ghala, kuhusu mzigo wa kesho. Nikakaza uso: neno la siri?

Akajaribu "mto". Silo. Akajaribu "shuka". Silo! Akasikitika sana, maskini. Nikamtajia herufi ya kwanza. Bado. Nikamtajia ya pili. Bado! Mtu muungwana vile, anahangaika. Nikatazama mlangoni, hakuna mtu. Nikamnong'oneza.

Akalitamka vizuri, wazi, bila kigugumizi.

Nikamuunganisha na ghala. Sheria ni sheria.