Njia ya Korongo Jeusi Naijua

Jumatatu, 5 Agosti.
Jumamosi jumuiya yetu ya Butiama itafanya hija kupitia Korongo Jeusi. Mwenyekiti akauliza nani anajua njia, abebe msalaba. Miaka mitatu anaubeba jirani yangu Ursula, mimi natazama mgongo wake. Kabla sijafa, autazame wangu. Nikasema nilikuwaga napita humo na mbuzi, nikiwa msichana. Uongo. Ursula akasema hata njia ya kisimani inanipoteaga.

Jumatano, 7 Agosti.
Nimeenda kujifunza, kimya kimya. Shule sikwenda, kuandika nimepata kwenye kisomo cha parokiani. Mwalimu Nathan anasema mawe yale yalitoka volkano, yakapoa, maji yakayachonga. Nimeamini. Kuta nyeusi, laini kama chungu cha zamani. Chini mchanga mkavu. Mbingu imebaki utepe tu. Nyayo zangu zikawa zinanijibu. Nikadhani marehemu mama ananifuata, nikamwambia apunguze mwendo, magoti yameisha.

Penye upenyo wa mtu mmoja, namwona Bonifasi anakuja. Mume wa Lucy wangu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, wala hawapishani karibu. Akageukia ukuta. Nikajifunika kanga, nikageukia wangu. Nikauuliza ukuta habari za wajukuu. Ukuta wa pili ukajibu wazima. Nikauuliza anatafuta nini huku. Ukajibu ametumwa na Ursula ajifunze njia, asiniamini mimi, na keshaijua yote. Nikauambia ukuta Ursula ni nyoka, na kwamba yeye Bonifasi amekonda, Lucy anampikia nini? Hakuna aliyesogea. Kivuli kikahama ukuta hadi ukuta, taratibu, kama usingizi. Mwisho nikamwachia viazi vyangu mchangani, nikarudi kinyumenyume. Nusu ya mbele sijaiona. Lakini nusu ni kitu.

Jumamosi, 10 Agosti.
Nimebeba msalaba. Watu arobaini nyuma, nyimbo zinapanda kuta, zinarudi kama za watu wengine, wa kale. Nilielea. Ursula akitazama mgongo wangu. Bonifasi kwa heshima yuko mwisho kabisa, na mkwe hamkosoi mama mkwe mbele za watu. Korongo likagawanyika. Nikachagua upande wenye maua. Ukaishia ukutani.

Kupishana hakuna. Wote wakageuka palepale, wa mwisho akawa wa kwanza. Bonifasi akawatoa. Mimi nyuma, na msalaba, natazama mgongo wa Ursula. Ana mgongo mpana.

Jumapili, 11 Agosti.
Baada ya misa mwenyekiti akauliza nani anajua njia ya mlimani, kwa hija ya mwakani. Ursula akanitazama. Nikasema mlimani kule ndiko nilikochungia ng'ombe.