Malalamiko Dhidi ya Kigawo Kikubwa cha Shirika

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Salamu katika Bwana. Mimi ni Boazi, mzee wa kanisa hapa Iyula na baba wa Tabita wa darasa la tano. Nakuandikia kwa heshima zote, ila moyo unanichemka. Mwalimu wenu wa hisabati, Mwalimu Eva, amenivurugia kazi niliyoifanya kwa uaminifu tangu Tabita hajazaliwa.

Kila sikukuu ya mavuno mimi ndiye huwagawia wajane sadaka. Mwaka huu yalikuja maboga thelathini na sita na kuku ishirini na wanne. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mimi hutenga mafungu kumi, kwa heshima ya Amri Kumi. Kila fungu maboga matatu na kuku wawili. Hubaki maboga sita na kuku wanne, na kwa desturi mgawaji ndiye huondoka na baki. Wajane wako kumi na wawili, sikatai, lakini wale wawili wanaokosa huwa nawaombea sana.

2. Safari hii Tabita alishika kijiti, akaandika chini vigawo vya thelathini na sita, kisha vya ishirini na nne, akatangaza mbele ya watu wazima kwamba kikubwa kilichoko pande zote mbili ni kumi na mbili. Wajane wakapiga vigelegele. Kwa hisabati, Mwalimu!

3. Yakapangwa mafungu kumi na mawili, halikubaki hata nyoya. Nilirudi mikono mitupu, na mke wangu Ketrina alishabandika maji ya kunyonyolea kuku. Huyo Tabita mwenyewe amekuzwa kwa baki.

4. Leo ni maboga. Kesho watoto hawa watagawa mbolea ya ruzuku, keshokutwa viwanja. Nchi isipobakiza kitu, viongozi watakula nini?

Kwa hiyo naomba somo hilo lifutwe, turudi kwenye kugawanya kwa baki, tulikofundishwa sisi.

Nisalimie walimu wote, hata Mwalimu Eva, na mama anayepika uji.

Wako katika kulinda desturi,
Boazi

Nyongeza: Ketrina ameisoma barua kabla sijaifunga. Hakunigombeza. Ameuliza tu, nikitangulia mimi, yeye atakuwa mjane wa ngapi. Nimehesabu: wa kumi na tatu. Na atakayegawa baada yangu ni Sadoki, ambaye kazi hii nilimfundisha mwenyewe. Mwalimu, nimeogopa. Somo lisifutwe. Mwambie Mwalimu Eva amfundishe Tabita upesi la kufanya wajane wakiwa kumi na watatu.