Ukuta wa Mama Ayoo na Fundi Aliyekataa Kupaka

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti Abwola,
Kamati ya Wapangaji, Bugolobi.

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na kamati nzima. Naomba fundi Nyongesa apigwe marufuku kukanyaga geti letu. Sababu ni hizi:

1. Mwezi uliopita tulimwita apake dawa ya kuzuia maji kwenye ukuta wa matofali, upande wa chumba cha Mama Ayoo, yule jirani yetu mzee wa ghorofa ya chini. Mtu mzima akaja, akaupapasa ukuta kama daktari anayetafuta homa, kisha akasema, "Afande, huu umelowa ndani. Tungoje ukauke." Nimetumikia polisi miaka thelathini na mmoja. Sijawahi kupokea amri kutoka kwa ukuta.

2. Akataka kwanza azibe nyufa, na atengeneze mfereji wa paa unaovuja. Nikamwuliza, kama dawa inazuia maji, nyufa zinamhusu nini? Akajibu, "Dawa haizibi ufa, Afande. Na maji yaliyomo utayafungia humo humo." Yaani maji nayo ni mahabusu! Nikamwonyesha njia ya kutokea.

3. Kazi ikamalizwa siku hiyo hiyo na mtu mwenye bidii kuliko yeye. Mvua ilipokuja, matone yaliteleza ukutani kama kwenye jani la mgomba. Nilisimama chini ya mwavuli nikicheka peke yangu. Baada ya wiki tatu rangi ya ndani ikavimba, matofali yakaanza kumeguka, chumba cha Mama Ayoo kikaota ukungu. Alikohoa mpaka bintiye akaja kumchukua, akampeleka kwake Nakawa. Kosa lote ni la Nyongesa. Fundi aliyejua haya alipaswa kukataa kwa sauti kubwa zaidi.

4. Jumapili alipita, akaliona godoro la Mama Ayoo limelowa. Akalibeba, akalianika juani, akaenda zake. Mtu anayeshinda ubishi halafu akanyamaza ana dharau isiyovumilika.

Kamati imwandikie basi, na imjulishe kwamba kuta za Bugolobi hukauka zinapoamriwa.

Nisalimie mama watoto, majirani wa ghorofa ya pili, na askari wa getini.

Wako mtiifu,
Jasper Odur
Sajenti mstaafu, mpangaji wa chumba namba nne

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii nilikwenda Nakawa kumwona Mama Ayoo. Bado anakohoa. Nikamwambia kwamba yule mtu mwenye bidii alikuwa mimi. "Nilikuona dirishani na brashi, Odur," akasema. "Nilikuwa nangoja tu uniambie." Mheshimiwa, barua hii ichanwe. Na kama unayo namba ya simu ya Nyongesa, tafadhali nitumie. Mimi niliifuta kwa hasira.