Nilivyomnywesha Marehemu Dawa ya Kikohozi

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimemnywesha marehemu dawa ya kikohozi.

Nieleze vizuri, maana hata mimi nikisoma haya mwakani nitashangaa. Tuko watu wengi sana kwenye kundi moja la simu. Tunaandika hadithi pamoja, kila mtu na mhusika wake. Ufalme wa Bonde Refu. Mimi ni Mganga wa Mfalme. Cheo kizuri. Tatizo ni kasi. Kutwa nzima nakata vioo vya miwani dukani, na kila nikishika simu nakuta jumbe zimefurika kama bomba limepasuka. Kwa hiyo nina mbinu: nasoma chache za mwisho, zilizobaki nabuni.

Za mwisho zilisema Mfalme amelala, watu wamemzunguka kimya. Nikaandika kwamba Mganga aliingia akitabasamu, akamwinua kichwa, akamnywesha dawa, akamhakikishia Malkia kuwa kesho mgonjwa ataomba chakula mwenyewe. Kumbe Mfalme alikufa tangu asubuhi. Walikuwa wanasubiri jeneza.

Wa kwanza kujibu ni Jemadari. Simjui sura wala sauti, ila simpendi. Anaandika vizuri mno na hakosei. Kaandika kwamba Jemadari alimshika Mganga bega, akawaomba waombolezaji wamwie radhi, huzuni imempanda kichwani. Watu wakaguswa. Wengine wakanisifu. Nimeshukuru kwa niaba ya kipaji changu.

Jumanne, 5 Mei

Mwenyekiti wa kundi kaniandikia pembeni. Kosa lingine moja tu, cheo cha Mganga kinakwenda kwa mtu anayesoma.

Limeniingia. Tangu tuachane na mke wangu naishi kwa dada yangu, nalala chumba chenye cherehani yake. Ukiondoa dada na tajiri wangu dukani, hakuna anayeniuliza nimeshindaje. Bonde Refu wananiuliza. Nikiingia tu, mlinzi wa lango huandika: "Mganga, habari za safari?" Mtu nisiyemjua kabisa, lakini haachi hata siku moja. Hiyo siwezi kuipoteza.

Mbinu mpya: dada asome, anisimulie wakati wa kula. Kakubali huku akikunja nguo. Mungu ampe maisha marefu.

Jumatano, 6 Mei

Dada kasoma kweli. Ila kasoma anachopenda. Vita, kodi, njaa, vyote karuka. Kanisimulia Binti Mfalme na mfuga farasi: nani alimtazama nani, na kupitia dirisha lipi. Nikauliza, na Mganga je?

"Wewe? Hata sikukuona," akasema. "Lakini mdogo wangu, huyo mfuga farasi ana mama mkali."

Nikamshukuru, nikala. Simu yangu sasa anaishika yeye kuliko mimi.

Alhamisi, 7 Mei

Mbinu ya tatu, na hii ni ya kitaalamu. Simu ina sehemu ya kutafuta neno. Nimetafuta "Mganga", nikasoma hizo tu. Hazikuwa nyingi, zote za juzi na kabla yake. Nikaona mambo shwari. Nikampeleka Mganga sokoni, akauza mizizi, akabishana bei, akanunua kofia.

Kumbe tangu jana Mganga yuko gerezani. Anashukiwa kumpa Mfalme sumu. Ila wote walikuwa wanamwita "mfungwa". Askari wa gereza akauliza, kwa adabu kabisa, basi huyu aliye kwenye mnyororo mbele yake ni nani.

Nikaharibu kioo cha mteja. Tajiri, mama mwenye duka, akaja kuona kulikoni. Akanitazama usoni, akaniambia niende nikanywe chai, kioo atakikata mwenyewe. Nilimshukuru moyoni, nikaenda.

Niliporudi, Jemadari kashaandika. Yule wa sokoni ni pacha wa Mganga, walipoteana utotoni, na Jemadari alikuwa akimfuatilia kitambo. Kundi zima likachangamka. Nina pacha.

Nimekaa nikiwaza. Mtu hawezi kuniokoa mara mbili bure. Huyu ananitegea.

Ijumaa, 8 Mei

Nimemkabili. Nimemwandikia pembeni, kiutu uzima: anataka nini kwangu, na kama ni cheo aseme.

Akanijibu kwa sauti ya kurekodi. Jemadari ni mama wa makamo, sauti inakwaruza kidogo.

"Baba, cheo chako sikitaki. Nimelazwa, nyonga ilivunjika, kutwa natazama dari. Nawasomea wenzangu wodini Bonde Refu. Siku uliyomnywesha marehemu dawa, mama wa kitanda cha jirani, ambaye hajafungua mdomo tangu aletwe, alicheka mpaka nesi akaja mbio. Sasa kila asubuhi ananiuliza, yule Mganga kaamka? Wakikutoa, nitamwambia nini?"

Akasema ameshaongea na Mwenyekiti, nabaki. Na kila jioni atanitumia muhtasari: nini kimetokea, nani yuko wapi, nani amekufa. Huwaandikia na wengine wanaoachwa nyuma. Alipoingia kundini naye alipotea hivyohivyo, hakupata wa kumshika mkono.

Nimeisikiliza tena na tena nikiwa uani, katikati ya nguo zilizoanikwa. Nikajifuta uso kwa shuka lililokuwa karibu. Dada akaniona dirishani, akauliza kuna nini. Nikamwambia nina rafiki. Akasema hongera, ila shuka hilo litafuliwa na mimi.

Nimelifua kwa furaha.

Jumamosi, 9 Mei

Muhtasari umefika. Umenyooka, hauna neno la ziada. Nimeumaliza kabla chai haijapoa. Mganga kajitetea kutoka gerezani kwa utulivu, kila jina sawasawa, kila marehemu kaachwa apumzike. Mwenyekiti kanipongeza.

Jemadari kaniambia mama wa kitanda cha jirani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama Mganga anaumwa.

Nimetafakari sana. Nimegundua jambo kubwa: sasa nina muda wa ziada.

Jumapili, 10 Mei

Nimejiunga na makundi mengine mawili. Kwenye moja ni nahodha wa meli. Kwenye la pili ni mkwe katika familia ya matajiri wanaogombea urithi. Huko hakuna muhtasari, lakini nina uzoefu.

Kisha nikakaa nikamwandikia Jemadari shukrani za kweli. Kwamba alinibeba mgongoni nami nikadhani ananisukuma. Kwamba sikuwahi kumwita mama mtu asiyenizaa, ila yeye naomba nimwite. Nikatuma, macho yakiwa na machozi.

Nimetuma kwa familia ya matajiri.

Mama mkwe wa huko kaandika kwamba amelia, na kwa maneno hayo amenisamehe yote. Nimemwelezea Jemadari mkasa, nikamtumia na shukrani zake. Kasema zimemfikia moyoni, ila jirani yake ameketi kitandani, anataka kujua nilimkosea nini mama mkwe.

Sijui. Sijasoma huko juu. Nimemjibu mama mkwe kuwa nami nimemsamehe, na kesho nakuja na mke wangu tule pamoja. Nasubiri waniambie kama mke yuko hai.