Sauti ya Shamsia Ndani ya Sipiyu

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Masuguru, Korogwe.

Mashine imezima yenyewe tena. Nilikuwa nasoma bei ya mahindi, kioo kikawa cheusi, nikauona uso wangu humo ndani. Uso wa mtu mwenye wasiwasi. Nimekifunika kioo kwa kitambaa alichofuma marehemu.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna mgeni. Ndani ya kompyuta hii imo sauti ya Shamsia, mke wangu. Alipojua ugonjwa hautamfikisha harusi ya Fatu, alijifungia chumbani na mashine, akamrekodia binti yetu mausia ambayo mama humpa bibi harusi siku ya kuamkia ndoa. Alipotoka aliniambia faili liko pale, na mimi nisilifungue. Sijalifungua. Mausia ya wanawake si ya masikio ya mwanamume, hata kwa sisi Wazigua tuliohamia mjini. Kwa hiyo sijui hata kama linasikika. Nakala nyingine haipo.

Harusi ni Jumamosi, Handeni, nyumbani kwa Mhina, kaka wa marehemu. Mjomba! Kwetu mjomba akikohoa kwenye harusi ya mpwa wake, baba anasogeza kiti. Mhina keshachagua ng'ombe, keshachagua maturubai, keshachagua hata rangi ya kanzu yangu. Leo Fatu kapiga simu kuomba nimtumie sauti ya mama. Nimemwambia haitumwi. Inaletwa. Nitaingia nayo Ijumaa mwenyewe, na mashine yake, mbele ya ukoo mzima. Hapo tutaona nani wa kusogeza kiti.

Mpango ni mzuri. Kilichobaki ni mashine iwake.

Jumanne, 9 Septemba.

Antivairasi moja ninayo tangu zamani. Leo nimeongeza ya pili, kutoka kwenye flashi ya mwenye steshenari. Ya tatu ilijitokeza yenyewe kwenye kioo, ikaniambia mashine yangu iko hatarini, nibonyeze hapa. Ilikuwa na adabu sana. Nikabonyeza. Mlinzi mmoja husinzia, watatu wataamshana.

Hawakuamshana. Wamekamatana mashati. Ya kwanza inaituhumu ya pili, ya pili inaituhumu ya kwanza, ya tatu inapiga king'ora na kunitaka nipige simu nchi za nje. Mausi haisogei. Feni inalia kama mbuzi aliyesahauliwa juani.

Nimeandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kwa hekima. Nimesema rafiki yangu mmoja wa Kilole ana kompyuta ya zamani inayopiga king'ora. Wa kwanza kujibu alikuwa Erasto, fundi redio. Kaandika: Pole sana mzee Awadhi. Wakafuata wengine, pole mzee, pole baba Fatu. Mmoja kasema king'ora anakisikia mpaka kwake. Watu hawana stara.

Jumatano, 10 Septemba.

Kaja Hafsa, jirani yangu, akitoka kazini. Anafundisha kompyuta sekondari. Kanipa shikamoo yangu vizuri, kisha akachomoa waya wa intaneti bila kuniuliza. Kasema mgonjwa kwanza atengwe. Kaona neno langu la siri limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito pembeni ya kioo, akauliza ni siri kwa nani. Nikamwambia kwa wezi. Majirani wote wanalijua.

Kaifuta ile ya tatu. Kasema huyo ndiye mwizi mwenyewe, kavaa sare ya mlinzi. Kaitoa na ya pili, akasema mmoja anatosha, mradi alishwe kila mara mambo mapya. Kisha akataka anakili sauti ya Shamsia kwenye flashi papo hapo. Nikamzuia. Mkono ungeteleza, faili lingefunguka, na Hafsa bado ni mwari, hayo hayajamfikia. Kasema kunakili si kusikiliza. Kasema mzee wangu, diski hii imechoka, ikifa leo hakuna wa kuifufua. Nikamwambia aje kesho.

Alipoondoka nikafanya langu. Faili nikalibadilisha jina, nikaliita kama mojawapo ya programu za mashine, nikalizika ndani kabisa ambako hakuna atakayeligusa kwa bahati mbaya. Kisha nikairudisha antivairasi ya pili, ilinde kaburi. Mashine ikazima. Haikuwaka tena. Nimebonyeza mpaka kidole kinauma.

Ugali umepoa mezani. Nimemzika mke wangu mara moja. Sitaki kumzika mara ya pili kwa kidole changu mwenyewe.

Alhamisi, 11 Septemba.

Erasto kaja na bisibisi na pampu ya baiskeli. Kafungua sipiyu. Ndani, juu ya feni, nyigu wamejenga nyumba ya udongo, nyumba safi, ya vyumba. Ndiyo maana mashine ilichemka na kujizima. Kaibomoa, kapuliza vumbi, ikawaka. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Kasema kawaida tu, mzee.

Kisha Hafsa akalitafuta faili. Halipo. Ikabidi nionyeshe nilikolizika. Na huko halipo. Nikakaa chini, sakafuni, na suruali yangu ya kutokea. Mwisho kaliona. Ile antivairasi niliyoirudisha ilikuta sauti imejivika jina la programu, ikadhani ni haramia, ikaitia karantini. Mke wangu, mtu wa swala tano, mahabusu! Hafsa kalitoa, kalirudishia jina lake, na mlinzi yule kamfukuza tena.

Lakini ni zima? Nani asikilize? Erasto ni mwanamume. Hafsa ndiyo hivyo. Tumemwita Bibi Yasinta, Msambaa wa Kwashemshi anayeishi mtaa wetu, mkunga wa zamani. Ni mtu wa kanisa, lakini hakuna binti wa Masuguru aliyeolewa bila kupita mikononi mwake. Kavaa hedifoni juu ya kilemba, sisi tukatoka uani. Nilimwona dirishani. Mara anatikisa kichwa. Mara anacheka mpaka anashika meza. Mara anafuta macho kwa kanga. Alipotoka kasema ni zima, mwanzo hadi mwisho. Nikamwuliza alikuwa anacheka nini. Kasema, baba Fatu, hayo hayakuhusu.

Hafsa kanikabidhi flashi yenye nakala, kaniomba nimtumie Fatu leo hii hii. Nikasema inshallah. Flashi nimeifungia kabatini. Kitu kikifika kabla ya mwenyewe, mwenyewe anafika kufanya nini?

Ijumaa, 12 Septemba. Handeni.

Nimefika na pikapu ya Sabiri wa mtaani kwetu, sipiyu mapajani, kioo kimeviringishwa kwenye godoro. Ukoo wote ulisimama kutazama. Mhina mwenyewe kasogea kunipisha. Nilitembea taratibu ili wamalize kuona.

Chumba cha ndani, Fatu ameketi mkekani kajitanda kanga, mama zake wadogo wa ukoo wamemzunguka. Nikaunga waya zote. Nikawasha. Diski ikagonga, ki, ki, ki. Kioo kikaandika mstari mmoja mweupe, basi. Njia yote ile ya kurukaruka, na diski imechoka. Nikazima, nikawasha. Mstari ule ule. Fatu alinitazama kama alivyonitazama siku ya msiba, akingoja baba afanye jambo.

Flashi iko Masuguru, kabatini. Kabati limefungwa. Ufunguo ninao mfukoni.

Nikatoka nikampigia Hafsa. Nikamweleza yote, hata kabati. Kasema nimwie radhi, alibaki na nakala nyingine kwake, kwa sababu ile inshallah yangu ya jana hakuipenda. Nikampa namba ya Fatu. Punde simu ya Fatu ikalia, na wanawake wakafunga mlango.

Nikabaki barazani na Mhina. Ikaanza kusikika kupitia ukutani. Si maneno. Ila ni yeye, na ile namna yake ya kuvuta pumzi kabla ya kusema jambo zito. Mhina akasimama. Nami nikasimama. Si yetu kusikiliza. Tukaenda mpaka nyuma ya zizi, tukakaa na ng'ombe wake. Mhina alilia. Nami nililia. Hakuna aliyemwambia mwenziwe anyamaze.

Jumatano, 17 Septemba. Masuguru.

Ndoa imepita salama, alhamdulillah. Erasto kaweka diski nyingine, Hafsa kaweka antivairasi moja mpya na kanipa maelekezo mengi.

Fatu kaniambia kuwa mwisho wa mausia mama yake aliacha maneno kwa ajili yangu. Aliagiza nipewe baada ya ndoa, maana nikipewa kabla nitayafanyia mpango. Fatu kakata kipande hicho, kanitumia. Nimekihamishia kwenye mashine, nikafunga mlango, nikasikiliza.

Kaniita Awadhi. Si baba Fatu, Awadhi. Kasema alijua sitalifungua faili, na kwa hilo ananishukuru. Kasema Mhina hana ndugu mwingine wa tumbo moja. Kasema kipande hiki ni cha sisi wawili, mimi na Mhina, tukisikilize pamoja, tuache kushindana, tumekuwa watu wazima.

Nimekirudia mara nyingi. Tatizo ni kwamba kila akifika kwenye jina langu, antivairasi inatoa kiboksi na mlio, kuniarifu kwamba niko salama. Inamkata kauli marehemu. Nimeifuta.

Kwenye simu nako kipande hicho nimekifuta, simu hushikwa na kila mtu, na ile flashi ya kabatini nimeifuta pia. Fatu nimemwomba afute kipande hicho kwake, abaki na mausia yake, kafuta. Hafsa nimemwomba afute kwake. Kasema inshallah.

Jioni hii Mhina kapiga. Alikuwa mpole, si kawaida yake. Kauliza kama dada yake aliacha neno lolote kwa ajili yake. Nimemwambia lipo, tena zito. Akaomba nimtumie. Nimemwambia neno kama hilo halitumwi. Nitamletea mwenyewe siku ya Idd, na mashine yake, ukoo wote ukiwa umekaa.