Programu Isiyohitaji Mtu

Dunia imewahi kuwa na watu wawili tu walioielewa kompyuta barabara, na mmoja wao, kwa maelezo ya Injinia, alikwisha fariki.

Jina la Injinia hakupewa na chuo wala kampuni. Alijipa mwenyewe, asubuhi moja, baada ya kuizima printa ya shangazi yake na kuiwasha tena, nayo ikakubali kufanya kazi. Tangu siku hiyo alitembea taratibu, kama mtu aliyebeba kioo kifuani na barabara imejaa wehu.

Aliishi kwa baba mkwe. Si kwamba alikosa pa kuishi, la hasha! Alikuwa kwenye kipindi cha utafiti. Utafiti ulikuwa umetimiza miaka miwili na miezi minne, ukifanyika juu ya meza ya kulia chakula, na ulisimama kwa heshima zote kila chakula kilipoletwa.

Baba mkwe alikuwa dobi. Duka lilikuwa chini, nyumba juu, na mvuke ulipanda ngazi kila asubuhi kama mgeni asiyebisha hodi. Mtaani walimwita Mzee Pasi. Alikuwa amesimama nyuma ya pasi miaka thelathini, na maneno yake alikuwa ameyanyoosha mpaka yakabaki machache. Jina la mkwe wake halikuwamo katika hayo machache. Alimwita Yule.

"Yule amekula?" humwuliza binti yake, Yule akiwa mbele yake, kijiko mdomoni.

Jambo hilo lilimuuma Injinia kuliko alivyokubali.

Sasa, duka lilikuwa na tatizo. Mteja alikuja na tiketi, Mzee akaingia kati ya mashati yaliyoning'inia, akapotea humo, akarudi na suruali ya mtu mwingine. Foleni ilifika mlangoni. Ndipo binti, ambaye ni fundi cherehani na huweka mashine yake kwenye kona ya duka hilo hilo, akamwombea mumewe kazi.

"Baba, mwache aandike programu. Mteja abonyeze nambari ya tiketi yake, televisheni ya ukutani imwambie kama nguo ziko tayari na ziko ndoano ya ngapi."

Mzee Pasi alimaliza kola kwanza.

"Nyuma kuna chumba," akasema. "Kina dirisha, kina kufuli. Programu ikifanya kazi Jumamosi, chumba ni cha Yule. Aweke meza yake, aweke na kibao. Isipofanya kazi..."

Akaitazama meza ya pili ya kupigia pasi, iliyokaa bila mtu tangu msaidizi wake aolewe na kuhama. Sentensi hakuimalizia. Meza ilijisemea.

Injinia alisimama. Penye hotuba hakuwahi kukaa.

"Baba! Nitakutengenezea programu ambayo ikishakamilika inajiendesha yenyewe. Haihitaji mtu. Hata mimi niliyeitengeneza haitanihitaji!"

"Hata wewe?"

"Hata mimi!"

Mzee Pasi aliitia pasi maji, akalitafakari jambo hilo ndani ya mvuke.

Kesho yake, kabla ya kuandika mstari hata mmoja, Injinia alikwenda kuagiza kibao. OFISI YA INJINIA. Herufi za dhahabu.

Kisha kazi ikaanza. Alihamishia kompyuta yake dukani, karibu na cherehani ya mkewe, akaandika kwa kishindo, kila kitufe akikipiga kama kimemtukana.

"Unaandika Kiingereza?" mkewe aliuliza, sindano mdomoni.

"Naandika msimbo, mke wangu. Lakini msimbo huu mashine haiusomi. Huu ni wa kusomwa na mimi. Kuna programu nyingine inaitwa kompaila. Hiyo inauchukua msimbo wangu, inaukagua, inaugeuza uwe namba tupu ambazo mashine inazielewa, halafu inatoa faili lake peke yake. Faili hilo ndilo linaloendeshwa."

Mkewe aligeuza kitambaa. "Basi msimbo ni karatasi ya mchoro. Kompaila ndiyo mkasi na cherehani. Hilo faili ndilo gauni."

"Si rahisi hivyo," alisema Injinia, na kwa sababu hakupata jingine la kuongeza, akarudi kwenye kishindo chake.

Tatizo la kompaila ni kwamba haina adabu kwa watu wakubwa. Mara ya kwanza alipoipa kazi yake, ilimrudishia makosa arobaini na moja, yote kwa rangi nyekundu. Injinia aliyasoma matatu, akaona amedharauliwa. Akarekebisha hapa, akafuta pale, akairudishia. Makosa hamsini na sita.

"Inapenda sana kusema, hii," akamwambia mkewe. "Kama wakwe."

Cherehani ikasimama. Injinia akajirekebisha: "Wakwe wa watu wengine."

Ijumaa mchana, siku ya tano, kompaila ikanyamaza. Hakuna nyekundu. Faili jipya likatokea, dogo, tulivu, kama yai. Injinia akaliendesha, na likakimbia! Unaandika nambari ya tiketi, jibu linatokea. Alicheka peke yake mpaka mshono wa mkewe ukaenda upande.

Ila hakumwambia alichekea nini.

Kila mwandishi wa programu, akifika mahali ambapo mashine itamjibu mteja, huweka kwanza maneno ya majaribio, yoyote yale, ili aone kama yanatokea. Wengine huandika moja mbili tatu. Injinia, mikono ikiwa imechoka na moyo umejaa miaka miwili na miezi minne, aliandika yaliyokuwa moyoni. Majibu manne. Aliyaendesha mara kumi na nane. Hakuwahi kulala usingizi mtamu kama wa Ijumaa ile.

Jumamosi asubuhi, saa moja kabla ya kufungua duka, akaufungua msimbo, akayafuta maneno yake manne, na mahali pake akaweka ya adabu. *Ndugu mteja, nguo zako ziko tayari. Ndugu mteja, tunaomba subira.* Akahifadhi. Akaupeleka kwa kompaila. Akasimama mbele ya kioo, akihangaika na tai.

"Hii nyekundu hapa ni ya nini?" mkewe aliuliza.

"Wapi?"

"Kwenye kompyuta. Kuna mstari mmoja mwekundu."

Ulikuwa ni mmoja tu. Katika haraka yake, Injinia alikuwa amesahau alama ya kufungia maneno yake ya adabu, na kompaila, ambayo haijui Jumamosi wala tai, ilikataa kazi yote. Haikutengeneza kitu. Lile faili la Ijumaa lilibaki palepale lilipokuwa, dogo, tulivu.

"Mke wangu, nimetoka kwenye makosa hamsini na sita. Sasa moja ni la kuhesabu? Njoo unifunge tai."

Akamfunga.

Saa mbili kamili duka lilijaa. Mzee Pasi alikuwa amewaambia wateja wake waje waone, naye alivaa shati ambalo watu walilijua kwa kusikia tu. Kibao cha dhahabu kilikuwa kimeegemezwa kwenye mlango wa chumba cha nyuma, pamoja na nyundo na misumari miwili. Injinia alishusha kompyuta chini ya kaunta, akaacha juu kibodi tu, akabonyeza, na televisheni ikawaka.

"Nimeondoa hata kitufe cha kuifungia," aliwatangazia, "mtu asije akaizima kwa bahati mbaya. Haizimiki! Karibuni."

Wa kwanza alikuwa Mwalimu, mama mstaafu aliyefundisha darasa la kwanza miaka arobaini, na ambaye kwa sababu hiyo hawezi kuona maandishi bila kuyasoma kwa sauti, kwa utulivu, akisubiri wengine wamfuatishe. Akabonyeza nambari yake. Televisheni ikajibu.

"*Nguo zako ziko tayari, ndoano ya tisa,*" alisoma Mwalimu. "*Mzee amezipiga pasi huku amenuna.*"

Vichwa vyote vikageukia pasi.

Mzee Pasi alikwenda ndoano ya tisa. Gauni la Mwalimu lilikuwapo, sawasawa kabisa. Akampa.

"Kweli ulinuna?" Mwalimu aliuliza.

"Lilikuwa na marinda mengi," alisema Mzee Pasi.

Injinia akaipapasa tai. "Hayo si maneno yangu," alisema. "Yaani ni yangu, lakini nimeshayabadilisha! Asubuhi hii! Mke wangu ni shahidi!"

Mteja wa pili, fundi bomba, hakungoja maelezo. Alibonyeza haraka, na Mwalimu, ambaye hakuwa na haraka ya kuondoka tena, akamsomea.

"*Bado. Mzee anatafuta miwani. Iko kichwani.*"

Watu wote wakamtazama Mzee Pasi kichwani. Miwani iko. Mzee akaipapasa, akaishusha hadi machoni, akaitazama ile televisheni kwa mara ya kwanza kwa makini.

Kicheko kilianzia kwa fundi bomba, kikaenda hadi mlangoni na kurudi. Injinia alijitupa kwenye kibodi, akabonyeza kila alichojua na vitatu asivyovijua. Programu haikutikisika. Haizimiki, alikuwa amesema, na haikuzimika. Katika maisha yake yote hiyo ndiyo ahadi pekee aliyoitimiza kikamilifu. Katika kubonyeza kwake aliingiza nambari ambayo haikuwa ya mtu yeyote.

"*Nambari hii haipo,*" alisoma Mwalimu. "*Muulize Mzee, anajua kila kitu.*"

"Baba, waya!" alilia Injinia. "Chomoa waya!"

Soketi ilikuwa nyuma ya Mzee Pasi. Hakusogea.

Injinia akamgeukia mkewe. "Nimebadilisha! Umeniona nikibadilisha!"

"Umebadilisha mchoro," mkewe alisema, bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Gauni waliloletewa ni la jana. Ule mstari mwekundu ulikuwa unakwambia halijashonwa jipya."

Fundi mwingine yeyote angemwelewa tangu Jumatatu.

Sasa, lile jibu la nne halikuhitaji mteja. Injinia alilipanga litokee lenyewe, kibodi ikikaa dakika tano bila kuguswa, ili skrini isikae tupu. Naye alijua. Kwa hiyo alijiambia: nikibonyeza, litatoka la matusi; nisipobonyeza, litatoka lile. Alisimama mikono hewani kama mtu aliyekamatwa. Na wateja, kwa kusikilizia litakalofuata, nao hawakugusa. Dakika tano zilipita katika duka lililojaa watu na mashati, na hakuna aliyekohoa.

Televisheni ikabadilika.

"*Mimi si Yule,*" Mwalimu alisoma, na sauti yake ikashuka kidogo. "*Nina jina.*"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Yule ni nani?" akauliza Mwalimu.

Mzee Pasi alinyoosha mkono wake mrefu wenye makovu ya moto, akamwonyesha mkwewe. "Yule," alisema. Halafu akasita, kana kwamba neno limemkwama mahali ambapo halikuwahi kukwama.

Injinia aliiangalia sakafu. Akaanza kuilegeza tai.

"Baba, nisamehe. Nipe nusu saa. Kosa ni moja tu. Nitaliondoa, nitatengeneza faili jipya, lenye adabu."

"Usiliguse," alisema Mzee Pasi.

"Baba?"

"Suruali ya mtu imewahi kutoka kwenye ndoano isiyo yake leo?"

"Haijatoka."

"Foleni iko wapi?"

Injinia alitazama mlangoni. Foleni haikuwapo; watu walikuwa wameizunguka televisheni. Waliojaa dukani hawakuwa wakingoja nguo. Walikuwa wakingoja zamu ya kutukaniwa dobi. Fundi bomba alikuwa amesimama na koti alilolivua mwilini, akiomba apewe tiketi.

"Inafanya kazi," alisema Mzee Pasi. "Tulikubaliana. Ikifanya kazi, chumba."

Injinia alivuta pumzi ndefu. Kifua kikajaa, kile kioo cha kubeba kikarudi mahali pake. "Baba, najua ulinidharau kidogo mwanzoni, lakini sina kinyongo. Nitahamia leo leo!"

"Mashine hii hapa kaunta italowana na mvuke," Mzee aliendelea. "Inahitaji chumba kikavu. Chenye dirisha. Chenye kufuli."

"Nami nitakaa nayo."

"Wa nini? Ulisema haihitaji mtu." Mzee Pasi alichukua nyundo. "Nikakuuliza, hata wewe? Ukasema, hata mimi."

Injinia alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa akikata uzi kwa meno, mabega yakimtetemeka.

Kibao kilipigiliwa misumari miwili, kikakaa sawa. Kompyuta ikaingizwa ndani kwa heshima, waya wa televisheni ukapitishwa juu ya mlango, kufuli likafungwa, ufunguo ukaingia katika mfuko wa shati lile ambalo watu walilijua kwa kusikia tu. OFISI YA INJINIA. Ndani yake programu ilikuwa ikikimbia, peke yake, bila kuchoka.

Mzee Pasi alikwenda kwenye meza ya pili, akawasha pasi, akajaribu joto kwa kidole kilicholowa. Kisha akaita, kwa sauti ya kusikika na wateja wote, jina ambalo hakuwahi kulitamka kwa miaka miwili na miezi minne.

"Injinia! Njoo, pasi imeshika moto. Anza na mashuka."