Mkimbizi wa Runazi

Jumatatu, 2 Machi 1998. Ngara mjini.

Nimefika! Lori la mihogo limenishusha nikiwa na matope hadi masikioni. Mvua za mwaka huu hazina adabu. Lakini moyo mkunjufu. Mimi Thobias, mtoto wa Runazi, darasa la saba bila kurudia, nimekuja kutafuta vitu viwili tu: kazi na chumba. Baba yake Claudia amesema wazi kwamba bila kazi na chumba, habari ya posa isitajwe nyumbani kwake. Kanipa mpaka Pasaka. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba kuna fundi cherehani wa Nyamigogo anayemuulizia Claudia. Fundi cherehani! Mtu anayevaa futi ya kupimia shingoni hata kanisani!

Nimeanza na chumba. Maajabu. Mwenye nyumba wa kwanza kaniuliza mimi ni wa shirika gani. Nikasema sina shirika. Akafunga mlango. Wa pili kaniuliza hivyo hivyo. Nikajifunza, nikasema mimi ni wa shirika. Akataja kodi ambayo kwetu mtu ananunua ndama, kisha akataka kujua gari langu litalala ndani ya ua au nje. Tangu wakimbizi waje na mashirika kuwafuata, mji huu haushikiki.

Nyamiaga nimeonyeshwa chumba cha bei nafuu. Kina mbuzi. Mwenyewe kasema mbuzi ni wapangaji wa siku nyingi, hawezi kuwahamisha kwa ajili ya mtu asiyemjua. Nimejihifadhi kwenye baraza ya kanisa, pamoja na mbu wake.

Jumanne, 3 Machi. Lukole, kambini.

Nilikuja sokoni tu, kununua viazi. Nilidhani kambi ni mahema. Kumbe ni jiji! Mitaa imenyooka na ina namba. Kinyozi yupo, bucha ipo, mafundi baiskeli wamejipanga, na watu ni wengi kuliko niliopata kuona maisha yangu yote. Wote Warundi. Kisubi changu na Kirundi ni ndugu, lakini hapa maneno yanapita mbio kabla sijayakamata. Nimezaliwa wilaya ya jirani, na leo nimetembea mdomo wazi kama mgeni kutoka ng'ambo. Nimepotea mara mbili. Nimeuliza njia, nikaelekezwa, nikapotea vizuri zaidi.

Halafu nikaona nyumba. Matofali ya udongo, turubai juu, safi kabisa. Nikauliza kodi ni kiasi gani. Watu wakacheka. Mkimbizi halipi kodi.

Hakuna kodi!

Nilikuwa bado nalitafakari hilo nilipokutana na bibi mmoja anahema na dumu la maji. Nikamsaidia kulibeba, maana hata mimi nina malezi. Akaniuliza kwa Kirundi mimi ni mtoto wa nani. Nikajibu jina la kwanza lililonijia: Bizimana. Ukirusha jiwe mahali popote pande hizi utampata Bizimana.

Bibi akasimama. Akanitazama kwa muda mrefu, viatu mpaka nywele. Akasema Bizimana ni kaka yake. Basi mimi lazima ni Nshimiyimana, mtoto wa kaka yake, aliyepotea walipokuwa wanakimbia. Nikasema ndiyo, ndiye mimi. Machozi yakamtoka. Mimi pia nikajikamua, likatoka moja.

Jina lake ni Niragira. Ninaandika haya nikiwa chumbani kwangu, nyumbani kwa shangazi yangu. Bure! Akili ni mali.

Jumatano, 4 Machi.

Chumba si bure sana. Shangazi kaniamsha kuchota maji. Kisha kuni, na kuni za Lukole ziko karibu na mwisho wa dunia. Kisha turubai linavuja. Kisha kuna ukuta umeanguka tangu mvua za Krismasi, ulikuwa unamsubiri mwanamume wa ukoo. Mwanamume wa ukoo ni mimi.

Jirani ni Sindayigaya, fundi baiskeli. Sikumpenda tangu mwanzo. Alikuwa anakitaka chumba hiki kuwekea vyuma vyake, sasa kanuna. Kaja kunichunguza. Kauliza kwetu ni kilima gani. Kabla sijafungua mdomo Shangazi akajibu. Kauliza mama yangu aliitwaje. Shangazi akajibu. Kauliza mbona Kirundi changu kimepinda. Shangazi akasema nimelelewa na wafugaji upande huu wa mpaka. Wazee wana haraka. Kila swali la ukoo analidaka yeye. Bahati yangu!

Mchana nikatafuta kazi. Ofisi ya shirika iko penye geti la kambi. Mkubwa wake ni Bwana Luhende, Msukuma mrefu mwenye sauti ya chini. Kaniambia kazi ya mshahara ni kwa raia wa Tanzania tu. Wakimbizi wana vibarua vya posho. Nikasema mimi ni raia halisi, mtoto wa Runazi. Akanipima. Nikamtajia mwalimu wangu mkuu, mtendaji wetu wa kata na mbegu ya mahindi tuliyoletewa ikagoma kuota. Hapo akacheka, akaniamini. Mbegu ile ilifika hadi kwao.

Nimepata kazi!

Sasa nachanganyikiwa kidogo. Getini lazima niwe Mtanzania. Nyumbani lazima niwe Mrundi. Sijui nikiwa njiani katikati niwe nani.

Alhamisi, 5 Machi.

Kazi yenyewe nimeelezwa leo. Nitapita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wakimbizi hewa, yaani Watanzania wanaojifanya wakimbizi ili wakae kambini na kula unga wa msaada. Bwana Luhende kasema watu hao ni wezi na anawapeleka polisi Ngara bila mjadala. Nikatikisa kichwa kwa hasira. Nikasema watu wengine hawana haya.

Nimekabidhiwa koti la mvua la shirika, lenye kofia. Nzuri sana ile kofia. Nikiivuta mbele hata Claudia hanitambui.

Mtaa niliopangiwa ni wetu.

Nimeshinda najificha ndani ya koti. Mvua ilikatika asubuhi, jua likawaka, mimi sikulivua. Nimemsalimia Bwana Luhende kwa Amahoro, salamu ya Kirundi. Nimemwamkia Sindayigaya shikamoo kwa Kiswahili safi cha shule, naye ni rika langu, kisha nikakohoa kama mtu aliyepaliwa. Nimefika mlangoni kwa Shangazi, nikabisha hodi, nikamuuliza kwa sauti nzito kama hapa anaishi mtu asiye mkimbizi. Shangazi kasema hapana, ni yeye na mtoto wa kaka yake, ila kijana huyo ametoka na hajarudisha dumu. Nikaandika nyumba hii ni safi. Niligeuka kona, nikavua koti, nikarudi na dumu. Hakushangaa hata kidogo. Macho yake hayaoni vizuri, maskini.

Ijumaa, 6 Machi.

Balaa! Jioni Shangazi alialikwa kwa Sindayigaya kunywa pombe ya ndizi, mimi nikafuatana naye. Ni Kwaresima, lakini mgeni hachagui. Chungu kimoja katikati, mrija mmoja unazunguka. Ulipofika kwangu nikaufuta kwa shati, usafi tu, kama tulivyofundishwa shuleni. Wazee wakatazama chini. Kumbe kwao kuufuta mrija uliotoka mdomoni kwa mwenzako ni kumwambia mbele ya watu kwamba anakuwekea sumu.

Sindayigaya akasema polepole kwamba hakuna Mrundi angefanya vile hata akiwa mgonjwa. Shangazi akasema nilikuwa na kifua nikiwa mdogo, mama alinizoesha. Akauchukua mrija, akanywa, akanirudishia. Nikanywa bila kufuta.

Huyu fundi baiskeli ni hatari. Lazima nimuwahi. Nimepata njia: kesho nitamripoti yeye kuwa ni mkimbizi hewa. Nitasema Kiswahili chake ni kizuri mno. Akiondolewa, chumba changu kiko salama, na Bwana Luhende ataona bidii yangu. Ndege wawili kwa jiwe moja!

Jumamosi, 7 Machi.

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilimleta Bwana Luhende mwenyewe hadi penye bomba la maji, watu wote wapo na madumu yao. Nikamnyooshea kidole Sindayigaya. Sindayigaya hakubishana. Alimwambia Bwana Luhende kwamba kama anatafuta mkimbizi hewa amtazame aliye ndani ya koti lake, anaishi kwa mama Niragira tangu Jumanne.

Kofia ikavutwa nyuma. Watu wakasema ee, ni Nshimiyimana. Bwana Luhende akasema hapana, huyu ni Thobias. Wakanigeukia wote, kila mmoja na jina lake, wananisubiri mimi niamue.

Nikapiga hesabu. Nikisema ni Mtanzania, basi mimi ndiye mwizi wa unga, na polisi Ngara wananisubiri. Nikisema ni Mrundi, kazi imekwenda. Nikatafuta njia ya tatu. Sikuiona. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikosa uongo, na niliogopa kweli, nikamwona baba yake Claudia anacheka na fundi cherehani anashona gauni la harusi.

Ndipo Shangazi akaweka dumu lake chini. Akasogea mpaka mbele ya Bwana Luhende, naye ni mfupi, kichwa kinamfikia kifuani. Akasema kwa Kiswahili cha taratibu:

"Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Amekudanganya kwa sababu ya njaa ya kazi. Kama kuna adhabu, anza na mimi niliyempokea."

Bwana Luhende akatutazama sisi wawili, akasema mkimbizi aliyedanganya apate kazi ya raia hapelekwi polisi, anarudisha koti. Nikarudisha. Akasema nikitaka kibarua cha kuchimba vyoo nifike Jumatatu, posho ipo.

Vyoo! Kazi ya mshahara imenitoka hivi hivi kwa sababu bibi mmoja hawezi kufunga mdomo. Sekunde moja tu zaidi na ningepata la kusema.

Jumapili, 8 Machi.

Baada ya misa nimemnunia Shangazi. Alikuwa anachambua maharagwe, akaniita nikae. Kaniambia jambo nisilolielewa kabisa, na ninaliandika kama alivyolisema:

"Mtoto wa kaka yangu nilimzika mimi, kwa mikono hii, kabla hatujavuka mto. Hakuwa na jeneza, nilimfunika kwa kitenge changu."

Akaendelea na maharagwe yake.

Nimeduwaa. Kama alimzika, anadhani mimi ni nani? Nimefikiri sana na nimepata jibu: uzee. Majonzi na uzee vikikutana kichwani, mambo yanaingiliana. Nimemhurumia kweli, roho imeniuma, nikamsaidia kuchambua. Nikajiambia niwe mwangalifu tangu leo. Mtu aliyechanganyikiwa namna hii anaweza kuzinduka wakati wowote, na hapo chumba kimekwenda.

Mpango mpya ninao. Nitamwandikia baba yake Claudia kwamba nimeajiriwa katika ujenzi na nina chumba katika jiji kubwa. Yote ni kweli. Claudia akija, atakuwa Mrundi pia. Nimeshampatia jina: Aline. Kirundi atajifunzia njiani, ndani ya lori. Fundi cherehani na arudi kwenye cherehani yake!

Jioni Shangazi kanipakulia ugali wa unga wa njano na maharagwe. Kaniwekea mimi kwanza. Kisha kaniuliza kwa upole sana, akinitazama usoni:

"Mwanangu, jina lako hasa ni nani?"

Mtego! Lakini mimi si mtoto. Nikajibu bila kupepesa macho kwamba ni Nshimiyimana, Shangazi, mtoto wa kaka yako Bizimana.

Akacheka. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Akasema haya, Nshimiyimana, kula, kesho dumu ni zamu yako.

Hajashtuka hata kidogo.